Mnyororo wa Yadi Kumi

Kabla ya Oktoba mwaka jana sikujua kwamba kuna mchezo ambao watu huusimamisha katikati, wakaita mnyororo uletwe uwanjani, wakapima ardhi mbele ya kila mtu, ndipo wakaendelea. Mpira wa Kimarekani kwangu ulikuwa wanaume waliovaa kofia ngumu wakigongana kama mabeberu. Aliyeniambia habari hizo ni kaka yangu Gitari, ambaye yuko Marekani kwa masomo. Aliniachia ujumbe wa sauti asubuhi moja nikijiandaa kwenda kazini.

"Wawira, nimepata kibarua. Kila Jumamosi chuo kikicheza nyumbani, mimi nashika mnyororo. Mnyororo kabisa, kama wa Mzee! Tunavaa fulana za rangi ya machungwa. Na mechi zinaonyeshwa kwa mtandao." Kisha kicheko kikaisha. "Ningependa Mzee aone. Lakini najua akisikia ni mimi hatakaa chini. Disemba namaliza masomo. Kuna kampuni huku imenipa kazi, wanataka jibu kabla mwezi kuisha. Kama Mzee bado hataki kuongea na mimi, sioni nikirudi kufanya nini."

Niliusikiliza ujumbe huo mara tatu, nikachelewa somo la kwanza.

Baba yetu, Mzee Ngari, alishika mnyororo wa wapimaji kwa miaka kumi na tisa, wakati mashamba ya upande wetu wa Kiritiri yalipokuwa yakigawanywa na kupewa nambari. Hakuwa mpimaji mwenyewe; shule yake haikufika huko. Yeye alikuwa mtu wa kwenda mbele na ncha ya mnyororo, akipita kwenye miiba na mawe, akisimama pale anapoambiwa asimame. Hadi leo watu wakigombania mpaka humwita. Baba akionyesha kwa fimbo na kusema "ulipita hapa," ugomvi huisha. Mali yake ni mbuzi, ndengu na jina hilo.

Gitari akasomea upimaji chuo kikuu. Miaka miwili kabla ya ujumbe huo alikuja nyumbani na chombo cha kazini kinachopima kwa setilaiti, akaanza kukijaribu shambani kwetu. Siku hiyo watu walikuwa wamekusanyika kwetu kusubiri mbuzi wao wachanjwe, na jirani yetu Njiru alikuwa mmoja wao. Njiru akauliza kwa utani, "Na mpaka wangu na Ngari, hicho chombo kinasema uko wapi?"

Gitari alikuwa na ile furaha ya mtu mwenye cheti kipya. Akatazama ramani, akatazama chombo, akahesabu hatua nne kutoka mpakani kuingia ndani ya shamba letu, akasimama katikati ya ndengu zetu. "Hapa," akasema.

Mtu mmoja akacheka. Baba hakucheka. "Umenifanya mwizi mbele ya watu kwa kijisimu," alisema, akaingia nyumbani. Mwezi uliofuata Gitari aliposafiri, Baba alikuwa malishoni tangu alfajiri. Na tangu wakati huo, kila Jumapili Gitari akipiga simu na Mama akamnyooshea Baba, Baba hukumbuka mbuzi.

Mimi nilikuwa sina ujuzi wa kupatanisha watu. Nilikuwa na shahada ya ualimu yenye mwaka mmoja na nusu, kazi ya mkataba katika shule moja huko Kaaga, Meru, na chumba kimoja chenye kitanda na jiko la gesi. Lakini niliamini, na bado naamini, kwamba watu wawili wanaojua kazi moja hawawezi kushindwa kabisa kuongea. Na bahati ilikuwa upande wangu: Baba alikuwa ametolewa mtoto wa jicho Septemba, na Ijumaa ya mwisho ya Oktoba alitakiwa kuja Meru mjini kuangaliwa. Angelala kwangu. Jumamosi yake kulikuwa na mechi.

Kilichobaki ni mimi kuuelewa huo mchezo. Hapo nikaenda kwa Ijabo.

Rafiki yangu Ijabo ana duka la mapazia na mazulia karibu na soko. Aliishi Minnesota, huko Marekani, miaka minane na dada yake Hodo, akifanya kazi ya kutunza wazee, kisha akarudi Meru mama yake alipougua. Hodo bado yuko huko. Nilikuwa nimemsikia Ijabo akibishana naye kwa simu kuhusu mpira huo, mara Kisomali, mara Kiingereza, huku akikata kitambaa bila kukosea hata uzi mmoja.

"Nani alikufundisha?" nilimuuliza.

"Mzee mmoja niliyekuwa namlisha. Alipatwa na kiharusi, akawa hawezi kusema jina la mkewe. Lakini Jumapili mpira ukianza anakunja vidole: moja, mbili, tatu. Ilibidi nielewe anahesabu nini." Akanitupia kipande cha kitambaa. "Shika hapo, mwalimu. Unajua yadi?"

"Kama za kitenge."

"Hizo hizo. Sikiza. Wako na majaribio manne kusonga mbele yadi kumi. Wakifika, wanapewa manne mengine. Wasipofika, mpira unaenda kwa adui. Mengine yote ni kelele."

Alivuta kitambaa mezani, akanionyesha. Jaribio la kwanza, wamekata yadi tatu, zimebaki saba. La pili, wamekata mbili, zimebaki tano. Kisha akafungua mechi ya zamani kwenye runinga kubwa ya dukani na kunionyesha kisanduku cha chini. Majina ya timu na mabao. Nambari ya robo, kwa maana mchezo una robo nne. Saa inayohesabu kurudi nyuma. Kando yake, nambari mbili zenye alama katikati: tatu na tano, yaani jaribio la tatu, zimebaki yadi tano. Chini ya jina la kila timu, vistari vitatu vyeupe: mara tatu za kuomba mchezo usimame. Kila wakiomba, kistari kimoja kinazimika. Kisanduku kikigeuka njano, refa ametupa kitambaa, kuna kosa limefanyika. Na uwanjani penyewe, mstari wa buluu ulipo mpira, na mstari wa njano unapotakiwa kufika.

Niliandika yote kwenye daftari la matayarisho ya somo. Usiku niliyasoma kama mtu anayekabili mtihani wa taifa. Kwa siku tatu, kila nikivuka barabara, nilijiambia: jaribio la pili, zimebaki yadi sita.

Ijumaa Baba alifika na begi lake dogo, miwani mieusi na furushi la kunde kavu. Daktari alisema jicho limepona vizuri. Jumamosi alasiri nikamwambia kuna rafiki yangu amemwalika chai, na kwamba kwake kuna mchezo wa kuangalia ambao ndani yake watu hupima kwa mnyororo.

"Mchezo?" Baba alisema. "Wanapima nini?"

"Ardhi."

"Ya nani?"

Nilifungua daftari. Hilo halikuwamo.

Sikumwambia kwamba Gitari yuko kwenye mechi hiyo. Si kwamba niliona raha kumficha. Gitari alikuwa ameahidi kunipigia wakati wa mapumziko, na nilidhani nitapata nafasi nzuri ya kumwambia Baba kabla ya hapo. Nafasi nzuri nilizopata zilikuwa saba au nane, na zote niliziacha zipite.

Tulifika dukani magharibi ikiwa imeshaswaliwa. Ijabo alikuwa ameshusha mlango nusu na kutandika zulia jipya mbele ya runinga. Chai yake ya iliki na mdalasini ilikuwa kwenye chupa kubwa.

"Karibu, Mzee. Kaa hapo. Hilo zulia nitaliuza Jumatatu, kwa hivyo usimwage chai."

"Nikimwaga nitalinunua," Baba alisema, akavua viatu.

"Hujui bei yake."

"Na wewe hujui mbuzi zangu ni ngapi."

Hapo nikajua watapatana.

Mechi ilianza saa moja. Uwanja ulikuwa mdogo, watu wachache wamejifunika mablanketi, na pumzi zao zikitoka kama moshi. Baba alitazama dakika tano. Kisha akauliza, "Hiyo laini ya njano, ni nani anaipaka?"

"Hakuna mtu anaipaka, Mzee," Ijabo alisema.

"Naiona. Ilikuwa hapo, sasa iko huko. Kuna mtu anafuta na mwingine anapaka. Na ni wepesi sana."

"Iko kwa runinga peke yake. Imechorwa na mashine. Wachezaji hawaioni. Hata refa haioni."

Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa hivyo sisi huku Meru tunaona mpaka, na wenye kuugombania hawauoni?"

"Ndio hivyo."

"Wao wanajuaje wamefika?"

Ijabo akanitazama. Nikaelekeza kidole pembeni mwa uwanja, ambako watu wa fulana za machungwa walikuwa wamesimama wadogo kama njugu. "Pale, Baba. Wale wawili wenye nguzo. Katikati yao kuna mnyororo wa yadi kumi. Huo ndio wa kweli. Huu wa njano ni wa kutusaidia sisi tu."

"Ahaa," Baba alisema, na sauti yake ikabadilika. Alikaa wima. Tangu hapo hakutazama mpira hata kidogo. Kila watu walipoanguka rundo moja yeye alitazama ukingoni, akingoja wenye nguzo wasogee, na walipokimbia kwenda mahali papya alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo wa tatu, mwenye fimbo ya nambari ya jaribio, anajua kazi. Huyo wa nguzo ya nyuma ni mvivu, angalia anavyoburura miguu."

"Na wa mbele?" niliuliza.

"Wa mbele anakimbia vizuri. Lakini ni mwoga. Anageuka geuka kuangalia kama ameonekana."

Nilikunywa chai ikaniunguza ulimi.

Robo ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza. Nilimweleza Baba kisanduku: jaribio la tatu, yadi nne. Alikishika haraka kuliko mimi, kwa sababu kwake ilikuwa hesabu ya kazi tu: umekata ngapi, umebakisha ngapi. Ilipobaki kama dakika nne robo iishe, ikaandikwa jaribio la nne, yadi moja.

"Hapo ni hatari," Ijabo alisema. "Wakikosa, wanapoteza mpira."

Mtu mmoja mnene akakumbatia mpira na kujitupa mbele. Wengine wote wakamwangukia. Rundo lilipofunguliwa, kwenye runinga mpira ulikuwa umeugusa mstari wa njano, labda hata kuuvuka. Watu wa mablanketi wakaruka juu. Ijabo akapiga makofi.

"Wamefika!"

"Umeona wewe," Baba alisema. "Wacha waulize mnyororo."

Na kweli, refa akainua mikono na kuita. Saa ikasimama kwenye dakika tatu na sekunde arobaini na moja. Watu wa machungwa wakaingia uwanjani wakikimbia, mnyororo ukining'inia katikati yao. Kamera ikawafuata karibu. Wa nyuma akasimika nguzo yake. Wa mbele, aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi, akapiga goti kando ya mpira na kusimika yake. Nguzo ilisimama nyuma kidogo ya ncha ya mpira. Watu wakaanza kushangilia tena.

Baba aliinuka kwa magoti. "Umelegea!" alipaza sauti. "Huo mnyororo umelegea! Una tumbo! Kaza! Wee wa mbele, kaza! Huoni unaning'inia? Unampa mtu ardhi ambayo si yake! Nani alimfundisha huyu kushika mnyororo?"

Ijabo aliweka kikombe chini polepole.

"Ni wewe, Baba," nilisema.

Aligeuka kunitazama, kisha akarudi kwenye runinga. Refa alikuwa ameinama, amegusa mnyororo kwa kidole. Akaashiria kwa mkono. Yule wa mbele akapumulia viganja vyake, akaishika nguzo kwa mikono miwili na kuvuta hadi mnyororo ukanyooka kama mstari wa rula. Alipoinua uso ili kumsikiliza refa, kofia ikarudi nyuma, na Gitari akatutazama sote watatu bila kujua, akiwa na ndevu ambazo hatukuwahi kuziona.

Nguzo sasa ilikuwa imeipita ncha ya mpira. Kwa ngumi moja. Refa akaonyesha ngumi hiyo kwa uwanja mzima, na kelele zikafa. Kisanduku kikabadilika: mpira wa adui, jaribio la kwanza, yadi kumi.

Baba aliketi. Nilianza kujitetea, nikisema Gitari hakunituma nidanganye, ni mimi, nisamehe, nilifaa kukwambia mapema. Aliinua kiganja. Si kwa hasira. Kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Ngumi moja," alisema baadaye. "Kwa yadi kumi tu."

Nikamwambia yaliyobaki: kwamba wakati wa mapumziko Gitari atapiga simu, na kuhusu kampuni, na kuhusu mwisho wa mwezi. Nilikuwa na hofu atasimama na kutafuta viatu. Huku hakukuwa na mbuzi wa kukumbuka, lakini mtu anaweza kukumbuka kitu kingine.

"Mapumziko ni lini?" aliuliza.

"Baada ya dakika tatu na sekunde arobaini."

Hatukujua tulichosema. Ijabo peke yake ndiye alijua, na alituonea huruma kwa kunyamaza. Dakika tatu za mpira huo si dakika tatu za watu. Mpira ukitoka nje, saa inasimama. Ukirushwa na usidakwe, saa inasimama. Baba aliacha kutazama ukingoni, akakazia macho kisanduku.

"Kwa nini imesimama tena?"

"Ametoka nje."

"Kwani hakuona mstari? Huo si umepakwa rangi kabisa?"

"Anafanya makusudi, Mzee. Anataka kuhifadhi saa."

"Ahifadhi ya nini? Kuna mtu anangoja simu!"

Ilipofika dakika mbili, kistari kimoja cheupe kikazimika chini ya jina la timu. Baba akakielewa mara moja na kukichukia. "Wamebaki na viwili. Na hawa wengine wako navyo vitatu. Hivyo vyote watavitumia?"

"Wanaweza."

"Na hiyo njano je? Kisanduku kimegeuka njano."

"Kuna mtu amefanya kosa. Refa ataeleza."

"Aeleze haraka."

Ijabo alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la shela. Aliniambia baadaye kwamba katika miaka minane hakuwahi kuona mtu akikisoma kile kisanduku kwa bidii namna ile, hata watu walioweka dau. Baba alikihesabu kwa sauti, vistari, yadi, sekunde, na kila mara kamera ilipopita ukingoni na kumwonyesha mtu wa nguzo ya mbele, hesabu ilikatika katikati.

Robo iliisha saa mbili na nusu hivi. Wachezaji wakatoka. Ijabo akapunguza sauti. Simu yangu ilikuwa juu ya zulia, kati yangu na Baba, na tuliitazama kama sufuria ya maziwa. Ilipoita, niliifungua na kusema, "Gitari, tuko kwa Ijabo. Tumekuona. Baba yuko hapa."

Upande wa pili palikuwa na upepo tu.

Baba akaichukua simu kutoka mkononi mwangu. Ijabo akasimama, akaenda nyuma ya mapazia yanayoning'inia na kuanza kuyakunja, ingawa yalikuwa yameshakunjwa.

"Baba," Baba alisema.

Gitari alipewa jina la babu yetu, na kwetu mtoto akibeba jina la baba wa mzazi wake, mzazi humwita hivyo, baba, tangu akiwa mchanga. Kwa miaka miwili Baba hakuwa amemwita kwa jina lolote.

"Naam, Mzee," Gitari alisema. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu.

"Ulilegeza."

"Ndio. Mikono ilikuwa imeganda. Huku ni baridi sana. Nilifikiri nimekaza."

"Mtu hujua. Mkono unakwambia."

"Ni kweli. Nilijua."

"Lakini ukakaza."

"Refa aliniambia, nikakaza."

Kwenye runinga bendi ya wanafunzi ilikuwa inatembea uwanjani ikipiga tarumbeta bila sauti.

"Mimi sikukaza," alisema.

Sikuelewa mwanzoni.

"Siku tuliyopima upande wa babake Njiru. Tulianzia barabarani kuja kwetu. Si unajua lile korongo? Mnyororo ukivuka korongo unauinua, unaukaza hewani, unakuwa sawa kama maji kwa sufuria. Mimi ndiye nilikuwa mbele. Jioni ilikuwa imefika na tulikuwa tumeshinda njaa. Nikauacha ufuate ardhi. Mara ya kwanza ilikuwa uchovu. Mara ya pili niliona una tumbo, na nikaona tumbo hilo linaongeza upande wangu. Bwana mpimaji alikuwa mbali, anaandika. Babake Njiru alikuwa amesimama karibu na mimi hivi, ananiamini. Sikusema. Nikasimika kigingi."

"Baba..." Gitari alianza.

"Ngoja. Chombo chako hakikudanganya. Nilikwambia umenifanya mwizi. Hukunifanya."

Nilikuwa nimeshika mkono wa Baba bila kujua nimeushika lini. Ulikuwa mkavu na wenye joto. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa akibeba jambo hilo kila alipoitwa kuamua mipaka ya wengine. Miaka miwili nilidhani anamwadhibu Gitari kwa kumkosea heshima. Kumbe hakujua amtazame vipi mtu aliyesema kweli.

"Na mimi nilikosa," Gitari alisema. "Sikufaa kusema mbele ya watu."

"Hapo ulikosa kabisa," Baba alisema, na akapata nguvu mpya. "Ungeniita kando. Hata mbuzi mtu humwita kando kabla ya kumchinja."

Gitari akacheka, kicheko kilichochanganyika na kitu kingine. Nyuma ya mapazia Ijabo naye akapenga kamasi.

"Disemba uje na hicho chombo," Baba alisema. "Tutapima na Njiru akiwa hapo, na wote waliokuwa hapo siku ile. Utaonyesha pale pale ulipoonyesha."

"Nitakuja, Baba. Hayo ya kazi ya huku tutaongea nikiwa nyumbani."

"Tutaongea. Sijakukataza kazi. Nimesema uje." Kisha, kwa sauti ya chini: "Umekonda. Ama ni hizo ndevu?"

"Ni ndevu."

"Zinyoe."

Gitari akasema wanaitwa, robo ya tatu inaanza. Baba akamwambia avae glavu kati ya vipimo na azivue wakati wa kushika, asije akasingizia baridi tena. Simu ikakatika. Baba aliendelea kuishika sikioni kidogo, kisha akanirudishia.

Ijabo alitoka kwenye mapazia na kumjazia chai. "Mzee, tuendelee kutazama au nizime?"

"Utazimaje na mtu wangu yuko kazini?"

Nilikuwa nimejaa furaha ya mtu aliyefaulu kwa njia ambayo hakuipanga, na kama kawaida yangu nikataka kila kitu kimalizike usiku huo huo. "Baba, nimpigie Njiru sasa? Nina namba yake. Umwambie."

Alinitazama kama anavyonitazama ninaposema serikali itaajiri walimu wote.

"Hilo si la simu, Wawira. Jumatatu nitavaa koti, nitaingia kwa lango lake, nitaomba kiti. Atanipa chai, na nitamwambia kabla sijainywa."

"Na akikataa kukusamehe?"

Alifikiri. Uwanjani watu wa machungwa walikuwa wanarudi ukingoni kwao, wanne, mmoja wao akipumulia mikono.

"Anaweza kukataa," Baba alisema. "Hatua nne bado ni zake." Kisha akasogea mbele kwenye zulia, akamuuliza Ijabo mpira umeanza kwa nani.